Muulize Mtoto Alianzia Wapi

Muhula uliopita nilialikwa kwenye siku ya wazazi katika shule moja ya hapa Eldoret. Shule yenyewe sitaitaja, kwa sababu nilichokiona pale nimekwisha kukiona na kwingine. Ukumbini kulikuwa na mashindano ya sudoku ya picha kwa watoto wa Gredi ya 3: sita kwa sita, picha sita, kila moja itokee mara moja tu katika kila mlalo, kila wima na kila boksi la visanduku vitatu juu ya vitatu; karatasi moja kila mtoto, dakika kumi na tano. Karatasi ilikuwa nzito, ya rangi, inang'aa, na wazazi waliipokezana wakisifu kwamba hii kweli imetengenezwa na mtaalamu. Mvulana mmoja alimaliza kwa dakika nne. Akapigiwa makofi, akapewa begi la shule na cheti, na mgeni wa heshima akatangaza kwamba injinia wa kesho ndiye huyu.

Nyuma kabisa, karibu na mlango, aliketi msichana ambaye hakupewa chochote. Alikuwa amejaza visanduku vyote isipokuwa vinne, vile vya katikati pale juu, viwili juu ya viwili. Msimamizi alipomuuliza kwa nini hakumaliza, alijibu kwa sauti ya chini, "Hapa haijulikani, Mwalimu." Akaandikiwa kwa kalamu nyekundu: hajamaliza.

Niliomba niitazame karatasi yake. Mlalo wa kwanza ulikosa jogoo na trekta. Mlalo wa pili ulikosa jogoo na trekta. Wima mbili za katikati nazo zilikosa hao hao wawili, na kila boksi kati ya yale mawili ya juu lilikosa hao hao wawili. Ukimweka jogoo kushoto juu, trekta inakwenda kulia na chini wanageuzana. Ukianza na trekta, inakuwa vilevile kwa kinyume chake. Kanuni zote zinatimia njia zote mbili. Fumbo lilikuwa na majibu mawili na aliyelitoa hakujua. Mtoto wa miaka minane alijua. Meza ya jirani kulikuwa na karatasi ya mvulana mwingine aliyechagua njia ya pili, akapigwa X nne, wakati jibu lake lilikuwa sahihi sawasawa na la yule wa begi.

Nilirudi nyumbani nikiwa nimekasirika, na hasira hiyo ndiyo inayoniandikisha haya.

Nimetunga mafumbo ya picha tangu 2006, kwanza kwa darasa langu, kisha kwa kikundi cha watoto wanaokuja sebuleni kwangu kila Jumamosi. Zamani ilikuwa kazi ya watu wachache wenye wazimu wao. Siku hizi kila mtu analitaka fumbo. Mtaala wa umilisi ulipoanza nchini Kenya Januari 2019, kuanzia mwaka wa kwanza wa awali (PP1) hadi Gredi ya 3, fikra tunduizi na utatuzi wa matatizo ziliwekwa miongoni mwa umilisi ambao kila mtoto anapaswa kuupata, na njia ya mkato ya kuonyesha kwamba mtoto amefikiri ikawa ni kumpa sudoku. Mzazi anatumiwa ujumbe na shule saa kumi na mbili jioni. Anakimbilia duka la kopi kando ya Uganda Road kabla halijafungwa, mwenye duka anachota ya kwanza anayokutana nayo kwenye intaneti, wanalipana, mtoto anajaza, mwalimu anapiga tiki. Katika mnyororo huo wote hakuna hata mmoja aliyeuliza kama fumbo lenyewe ni zima.

Kuna namna ya kulijua fumbo zima, na kuna namna ya kumjua mtoto anayelifumbua vizuri. Kwangu mambo hayo mawili hayatengani.

La kwanza ni hilo la jibu moja. Fumbo lenye majibu mawili limeharibika, kama chungu kilichopasuka, hata likipakwa rangi gani. Mzee aliyenifundisha kazi hii, mwalimu mstaafu wa hesabu aliyeishi Langas, alikuwa na utaratibu ambao sijaona mwingine akiufuata. Akimaliza kutunga, aliifungia karatasi kwenye kopo la maziwa ya unga kwa wiki tatu, mpaka awe ameisahau. Kisha alilifumbua mwenyewe kwa wino. Penseli aliikataa, kwa sababu mwenye penseli hujisamehe. Akikwama mahali akajikuta anabahatisha, aliichana karatasi. Baada ya hapo aliwapa watoto watatu: mwepesi mmoja, mzito mmoja, na mmoja mbishi. Mbishi ndiye aliyekuwa muhimu kuliko wote, maana mtoto mbishi huuliza "na nikiweka hii hapa je?" na swali hilo ndilo linalofichua jibu la pili. Yule msichana wa karibu na mlango angemfaa sana mzee wangu.

Kosa lililokuwa kwenye karatasi ile ya kung'aa ndilo kosa la kawaida kuliko yote, na jicho lililozoea huliona kabla ya kushika penseli. Visanduku vinne vinavyofanya mstatili, viwili ndani ya boksi moja na viwili ndani ya boksi jirani, na vyote vinagombewa na picha mbili tu. Mtungaji hana budi kukiweka wazi angalau kimoja. Anayetegemea programu ya ovyo, au anayefuta picha kutoka kwenye jibu lililokamilika mpaka aone panapendeza, huviacha vyote vinne bila kujua.

Idadi ya picha za mwanzo ni jambo la pili, na hapa wengi wanadhani uchache ndio ugumu. Wataalamu wa hesabu wamekwisha kuhesabu. Kwenye nne kwa nne huwezi kupata jibu moja kwa chini ya picha nne za mwanzo, kwenye sita kwa sita kwa chini ya nane. Kwenye tisa kwa tisa ni 17, jambo lililothibitishwa na Gary McGuire na wenzake wa Dublin mwaka 2012 baada ya kompyuta kufanya kazi kubwa mno. Lakini sita kwa sita ya picha nane ni ya mtu mzima mwenye subira. Kiwango cha kati kwa mtoto wa miaka saba hadi tisa ni picha kumi na mbili au kumi na nne. Zaidi ya hapo ni za wanaoanza. Chini ya hapo ni za kuwatisha watoto. Sitabishana na mtu juu ya hili.

Halafu ulinganifu. Sudoku ilianza kuchapishwa 1979 katika jarida la Dell huko Marekani, na inaaminika kwamba aliyeibuni ni Howard Garns, msanifu majengo wa Indiana. Kampuni ya Nikoli ya Japani iliichukua 1984, na Maki Kaji wa kampuni hiyo ndiye aliyeipa jina lililoenea. Mwaka 1986 Nikoli walijiwekea masharti mawili: namba za mwanzo zisizidi 32, na zikae kwa ulinganifu, kwamba ukiigeuza karatasi juu chini mpangilio unabaki uleule. Na mafumbo yao waliyatunga kwa mkono. Baadaye akaja Wayne Gould, mtu wa New Zealand aliyekuwa jaji Hong Kong, ambaye baada ya kustaafu alitumia kama miaka sita kuandika programu ya kuyatunga, na gazeti la The Times la London likaanza kuyachapa Novemba 2004. Kutoka hapo yakafurika dunia nzima mpaka kwetu. Simlaumu Gould, programu yake ilikuwa nzuri. Nawalaumu waliokuja baada yake na programu mbaya. Na hata iliyo nzuri haijui jicho la mtoto litatua wapi kwanza. Mkono unajua.

Kwa hiyo nashikilia ulinganifu hata kwenye sita kwa sita za watoto. Karatasi ambayo picha zake za mwanzo zimemwagika upande mmoja kama mahindi yaliyotoboa gunia, naiweka chini bila kuisoma. Wapo wanaoniambia ulinganifu ni urembo tu na hauongezi chochote kwenye mantiki. Wanakosea. Mtoto anapoona karatasi imetulia, naye hutulia.

Tuje kwenye picha zenyewe. Mtu anayebadili namba kuwa picha hudhani amemrahisishia mtoto. Amemwongezea mzigo bila kujua. Moja mpaka sita zina foleni yake iliyokwisha kukaa kichwani. Mtoto akiona 1, 2, 4, 5, 6, pengo linajitangaza lenyewe. Ng'ombe na trekta hawana foleni. Nani anatangulia? Ndiyo maana kila karatasi sharti iwe na safu ya picha zote sita hapo juu, zimepangwa, na mtoto sharti azitaje kwa sauti kwa mpangilio huo huo mpaka zitiririke kama wimbo wa kuruka kamba, kabla hajaandika lolote. Kwangu ni: ng'ombe, jogoo, hindi, sufuria, kibuyu, trekta. Mtoto anayeimba foleni yake akipita kwenye mlalo hugundua kinachokosekana pale sauti inapokwama. Asiyeimba huangaza macho huku na huku, akihesabu mara tatu kitu kilekile.

Tazama pia kwamba majina hayo yanaanza kwa herufi tofauti: N, J, H, S, K, T. Mtoto wa kiwango cha kati anahitaji kuandika herufi ndogo kwenye kona ya kisanduku pale picha mbili zinapokigombania, na hawezi kuchora ng'ombe mdogo kila mara. Mwaka juzi niliuziwa karatasi yenye kuku, kondoo, kikombe, kiatu, kabichi na kinyonga. Mtu aliyechagua picha hizo hajawahi kukaa na mtoto anayefumbua fumbo.

Jaribio jingine ni la kopi. Fumbo litapigwa kopi nyeusi na nyeupe, tena kwenye mashine iliyochoka, kwa hiyo hukumu yake iko pale na si kwenye skrini. Ishike karatasi mbali, mkono umenyooka, fumba macho nusu. Kama ng'ombe na mbuzi wamekuwa doa moja, kama embe na parachichi hazitambulikani, itupe. Mnyama wa miguu minne awe mmoja tu katika karatasi. Matunda nayakataa kabisa, mengi ni mviringo. Na hizi karatasi za kuchota intaneti zenye mtu wa theluji! Eldoret tunajua mvua ya mawe, tunajua baridi ya Julai inayomfanya mtoto aje darasani na sweta mbili. Theluji hatuna. Mtoto akiulizwa ile picha inaitwaje anasema "ile ya mipira," na picha isiyo na jina haiwezi kuimbwa.

Sasa jambo ambalo asiyejua kazi hii hulipita kila siku.

Karatasi iliyojazwa yote haikuambii kitu. Waliofikiri, waliobahatisha, waliochungulia kwa jirani, wote karatasi zao zinafanana mwishoni, maana fumbo zima lina jibu moja na jibu hilo ni lilelile kwa kila mtu. Ukiwa umesimama na rundo la karatasi zilizokamilika mkononi, huwezi kujua nani ni nani. Mzee wa Langas alikuwa hazitazami kabisa. Mtoto akimpelekea karatasi, yeye aliilaza kifudifudi mezani na kuuliza swali moja: "Ulianzia wapi?"

Mtoto anayejibu "hapa," akionyesha kona ya juu kushoto, ameanza pale macho yanapoanzia kusoma. Hakuchagua, alisukumwa na mazoea. Mtoto anayejibu "kwenye huu mstari, ulikuwa umebakisha moja," huyo amechagua, ila bado ni mwanafunzi wa kiwango cha kwanza: anafuata panapojaa. Halafu yupo yule wa tatu, na ukimpata mmoja kwa mwaka shukuru, anayeweka kidole katikati ya boksi ambalo lilikuwa halina picha hata moja.

Nieleze hilo taratibu, kwa sababu ndipo penyewe.

Chukua sita kwa sita. Boksi la juu kushoto ni tupu, visanduku vyote sita vyeupe. Asiyejua atalikimbia na kwenda kwenye maboksi yenye picha nyingi, kama mtu anayetafuta ufunguo chini ya taa. Lakini tazama vibuyu. Kimoja kipo mlalo wa kwanza, mbali kule kulia. Cha pili kipo wima ya kwanza, boksi la kati. Cha tatu kipo wima ya tatu, chini kabisa. Kila kibuyu hupiga mstari. Cha kwanza kimepita juu ya boksi letu tupu na kuvifuta visanduku vyake vitatu vya juu. Cha pili kimepanda na kukifuta cha kushoto. Cha tatu kimepanda na kukifuta cha kulia. Kimebaki kimoja, mlalo wa pili, wima ya pili, na ni lazima kiwe kibuyu. Ndani ya boksi lisilo na kitu, kisanduku kimoja kimejulikana bila shaka yoyote, na ushahidi wote umetoka nje yake.

Mtoto aliyeliona hilo amevuka mto. Ameacha kuuliza "kisanduku hiki kinakosa nini?" na ameanza kuuliza "kibuyu kinakaa wapi?" Kiwango cha kati ni hapo, hakuna kipimo kingine. Wanaotengeneza kiwango cha kati kwa kuchukua karatasi ya wanaoanza na kufuta picha mbili tatu hawajakifikia. Fumbo la kiwango cha kati lililotungwa vizuri lina mlango mmoja au miwili tu, na mlango huo umewekwa makusudi mahali ambapo mvivu hataangalia. Mtungaji stadi huanza kazi yake na mlango. Huchagua picha moja, huipanga mistari yake ikutane mahali patupu, ndipo anajenga mengine kuzunguka hapo.

Ukitaka kumwona mtoto akifanya hivyo, usitazame penseli, tazama mkono mwingine. Kuna binti kwenye kikundi changu, wa Gredi ya 2, ambaye hutumia vijiti viwili vya kiberiti vilivyokatwa vichwa. Anakilaza kimoja kwenye mlalo wa picha anayoifuata, anakisimamisha cha pili kwenye wima, anavisogeza, midomo inatembea bila sauti. Dakika ya kwanza inapita hajaandika kitu. Ya pili inapita. Mama yake alipomwona hivyo mara ya kwanza alininong'oneza, "Mwalimu, ameshindwa?" Nikamwambia, "Mama, subiri." Kisha penseli ikashuka mara moja, katikati ya weupe, bila kusita. Baada ya hapo picha kumi zilifuatana kama mbuzi wanaotoka zizini.

Yule mvulana wa dakika nne nilimwona alipoanza. Aliandika kabla msimamizi hajamaliza kusema anzeni, kona ya juu kushoto. Simlaumu hata kidogo. Amefundishwa kwamba mbio ndiyo akili. Mji huu wetu unajua kukimbia kuliko mji wowote duniani, na wakufunzi wa hapa watakuambia kwamba mwanariadha wa masafa marefu hupimwa kwa namna anavyoipanga kasi yake. Kwenye ukumbi ule hilo lilisahaulika.

Mtoto akishapita mlango na kukwama tena, na atakwama, mfundishe jambo moja: abadilishe picha, asibadilishe mahali. Wengi hurudi kukikodolea macho kisanduku kilekile kama kitasema. Amalize vibuyu, ahamie majogoo, ahamie sufuria. Picha iliyotokea mara nyingi zaidi kwenye picha za mwanzo ndiyo ianze, maana ina mistari mingi. Picha iliyotokea mara moja ni ya mwisho. Herufi ya kona iandikwe pale tu mahali palipobaki na uwezekano wa mbili. Anayeandika herufi tatu na nne kwenye kila kona amechafua karatasi na bado hajafikiri. Na visanduku viwili vya mlalo mmoja vikiwa vyote na J na T peke yake, basi jogoo na trekta wameshachukua viti vyao na hawawezi kukaa pengine popote kwenye mlalo huo. Hilo mtoto wa miaka minane analielewa ukimwambia kwa lugha ya viti vya matatu.

Kifutio nimekiweka juu ya kabati. Anayekitaka anakiomba na kunieleza alichokosea.

Matapeli nao wapo. Kuna bwana mmoja mjini aliyekuwa akiuza kijitabu cha mafumbo hamsini ya picha, jalada zuri, wazazi wakigombania. Nilikinunua. Binti mmoja wa miaka minane alikikalia Jumamosi moja na kufika ukurasa wa tano, kisha akaniletea. "Mwalimu, hii ni ile ya kwanza. Ng'ombe amekuwa ndizi." Nikakagua. Kijitabu chote kilikuwa na mafumbo matatu, yamevalishwa nguo tofauti. Jibu moja la sita kwa sita unaweza kulivalisha picha zilezile sita kwa njia 720 na likabaki fumbo lilelile. Huo si utunzi. Kwa nne kwa nne ni njia 24. Nilipomwendea yule bwana aliniambia watoto hawatambui. Mtoto ndiye aliyetambua.

Utapeli wa pili ni wa kusogeza. Mtungaji anaandika mlalo wa kwanza, wa pili anausogeza hatua tatu, wa tatu hatua moja, na kuendelea hivyo, halafu anafuta picha kadhaa. Jibu ni halali, lakini picha zinashuka mshazari kama ngazi, na mtoto mwerevu huiona ngazi hiyo na kumaliza bila kutumia kanuni hata moja. Anasifiwa, na hajafanya kazi. Ukipewa karatasi, fuata picha moja kutoka juu hadi chini. Ikitembea kwa hatua zinazofanana, irudishe.

Wa tatu ni wa karatasi za kukata na kubandika, zile ambazo picha za kujazia hukatwa kwa mkasi. Vipande vikiwa vimetolewa kwa idadi kamili, mtoto hufika mwisho akiwa na jogoo mmoja mkononi na nafasi moja mezani, na kipande kinamfanyia kazi. Toa viwili vya ziada kwa kila picha. Ni gundi na karatasi kidogo tu zaidi.

Sisi tulianza na visoda. Mraba ulichorwa kwa mkaa kwenye sakafu ya saruji, picha zilichorwa kwa kalamu ya wino ndani ya kila kisoda, na watoto walipiga magoti pande zote nne. Kisoda kikishawekwa, kila mtu amekiona kikiwekwa. Hapakuwa na kujificha nyuma ya karatasi iliyokamilika. Alama ilikuwa ni sauti ya bati kwenye saruji, na watoto walijua kwa sauti hiyo nani ameweka kwa uhakika na nani ameweka akitetemeka. Baadaye mzee wangu alipata mashine ya saiklostaili iliyokwisha kustaafishwa na ofisi moja, akawa anakata stensili kwa msumari ulionolewa. Picha zake zilikuwa na mistari sita, saba kila moja. Ng'ombe wake alikuwa pembe mbili na mgongo. Mpaka leo sijaona ng'ombe anayesomeka haraka kuliko yule. Wino ulishika vidoleni na harufu yake ilikaa darasani mpaka mchana. Rangi hatukuwa nazo, plastiki hatukuwa nazo, na hakuna mtoto aliyekwama kwenye mstatili wa majibu mawili, kwa sababu mzee alikuwa amezichana zote kabla hazijafika.

Ile karatasi ya msichana nilipewa niondoke nayo, hakuna aliyeihitaji. Ninayo hapa mezani ninapoandika. Kwenye kona za visanduku vile vinne ameandika herufi ndogo, J na T, J na T, J na T, J na T, kwa mkono uliotulia, na hakuna iliyofutwa. Kibuyu chake cha kwanza kilikuwa ndani ya boksi tupu; nilimuuliza kabla hatujatoka ukumbini, na alinionyesha kwa kidole bila kuitazama karatasi.

Nawaomba walioandaa mashindano yale, na wengine wote watakaoyaandaa muhula ujao, mlifumbue fumbo lenu wenyewe kwa wino kabla ya kuligawa. Na mtoto akikuletea karatasi, ilaze kifudifudi, muulize alianzia wapi, kisha ungoje amalize kujibu.